Mawakala wa vitabu wa London wanatafuta nini hasa kwenye riwaya zetu?

Mwana_wa_Bwaise
Wadau salaam. Leo tusifichane. Nina riwaya ya Kiingereza, imekamilika, maneno elfu 140, familia tatu za Bwaise, mtaa wa hapa Kampala, kuanzia utawala wa pili wa Obote hadi juzi hapa. Nimeituma kwa mawakala wa London na New York, wale wanaomtafutia mwandishi mchapishaji. Wengi kimya. Mmoja kanijibu kwa adabu zote: kazi ina nguvu, ila "hakuipenda kiasi cha kuipigania". Sasa mimi nadai hivi: hawa watu hawasomi. Wakiona anwani ni Kampala wanafunga faili. Kama kuna mtu anajua wanachotafuta, aseme. Kama hakuna, tukubaliane kwamba ni bahati nasibu.

Kijana_wa_Kikuubo
Maneno elfu 140? Ssebo, hiyo ni riwaya au kesi ya ardhi?

DadaMhariri_Mbarara
@Mwana_wa_Bwaise pole. Ila Kijana amecheka na ukweli ndani yake. Riwaya ya kwanza ya mtu mzima, wenzetu huko wanaizoea kati ya maneno elfu 80 na laki moja. Ikizidi hapo, kabla hajaona hata jina lako, wakala anawaza gharama ya karatasi na ya mhariri wa kukata. Nikuulize: ulituma nini hasa? Uingereza wengi wanataka vitu vitatu, barua, muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili, na sura tatu za mwanzo au maneno kama elfu 10. Marekani mara nyingi ni barua na kurasa tano au kumi tu. Na kila wakala ameandika kwenye tovuti yake anataka nini.

Mwana_wa_Bwaise
Nilituma mswada wote. Mtu akisoma vipande ataelewaje familia tatu?

DadaMhariri_Mbarara
Haya.

Nakku_Jinja
Na muhtasari je? Mimi niliambiwa usimalizie, umwache na hamu.

DadaMhariri_Mbarara
Uongo huo, aliyekuambia anachanganya na maneno ya jalada la nyuma. Muhtasari wa wakala unataja kila kitu mpaka nani alikufa na nani alimwoa nani. Anataka kuona kama hadithi inafika mwisho au inaishiwa nguvu katikati. Mwisho ukifichwa, anadhani mwandishi mwenyewe haujui.

Nipo_Leeds
Naona nichangie. Niliwahi kukaa ofisi ya wakala huku Uingereza, kazi yangu kusoma mrundiko, yaani kazi za watu wasiojulikana zinazoingia kwa imeili. Wakala mchana hasomi kazi mpya. Mchana anavutana na wachapishaji kuhusu mikataba ya waandishi alio nao tayari, anafuatilia malipo, anasoma rasimu ya tatu ya mtu aliyesaini naye mwaka juzi. Mrundiko unasomwa jioni, kwenye treni, kwenye simu. Kwa hiyo msomaji wako wa kwanza amechoka na anatafuta sababu ya kuacha. Sababu zenyewe ni ndogo. Kurasa mbili za historia ya ukoo kabla hajatokea mtu wa kufungua mdomo. Ndoto. Mhusika anajitazama kwenye kioo ili tuijue sura yake. Wahusika sita ukurasa mmoja, majina yote yanaanza na herufi ileile.

Kinachomfanya aendelee ni sauti. Kufikia sentensi ya tatu unamsikia mtu fulani anaongea, na mtu huyo hafanani na wale wengine mia waliokuja wiki hiyo. Halafu kuna mtu anataka kitu, na kuna kinachomzuia. Hapo unaombwa mswada mzima, na hapo ndipo swali la pili linapoanza, ambalo waandishi wengi hawalifikirii: nitamuuzia nani? Wakala mzuri ana wahariri kichwani, huyu anapenda hadithi za familia, yule ametoka kununua ya vita na hataki nyingine. Akifika ukurasa wa 30 hajampata hata mhariri mmoja wa kumpigia simu, anarudisha, hata kama usiku ilimnyima usingizi. Hiyo "sikuipenda kiasi cha kuipigania" mara nyingi maana yake ndiyo hiyo. Si lazima iwe anwani yako.

Mwana_wa_Bwaise
@Nipo_Leeds asante kwa maelezo, lakini hiyo ya majina imeniuma. Wanawake wa Kiganda: Namuli, Nansubuga, Nakku, Nabukenya. Majina ni ya koo, sikuyatunga mimi. Niwabatize upya ili mtu wa kwenye treni asichanganyikiwe?

Nakku_Jinja
Nimetajwa! Nataka mrabaha.

Nipo_Leeds
Usiwabatize. Mmoja muite kwa jina la utani, mwingine awe Mama fulani, mwingine tumwite Jajja kama watoto wanavyomwita. Si ndivyo tunavyoitana nyumbani? Hakuna anayemwita bibi yake kwa jina la ukoo akiwa jikoni.

Mwalimu_Kyambogo
Nimesoma yote na nasikitika. Mnazungumzia biashara mkidhani mnazungumzia fasihi. Wakala anaishi kwa asilimia, basi anatafuta asilimia. Zamani mambo hayakuwa hivi. Ngũgĩ alipata wakala wake hapahapa Makerere kwenye mkutano wa 1962, ana kwa ana, bila muhtasari wala sura tatu.

Bint_Mombasa
Mwalimu, shikamoo, lakini hapo umeteleza. Hakuwa wakala. Ngũgĩ alikuwa mwanafunzi wa Makerere, akampa Achebe mswada, Achebe akaufikisha kwa wachapishaji Heinemann ambako alikuwa mshauri wa ule mfululizo wa waandishi wa Kiafrika ulioanza mwaka huohuo. Kitabu kikatoka 1964. Na tukiutaja mkutano ule tuutaje wote: ulikuwa wa Waafrika wanaoandika Kiingereza. Shaaban Robert alifariki Juni hiyohiyo ya 1962, na kwa kigezo cha lugha hakuwa na kiti pale.

Mwalimu_Kyambogo
Marahaba binti. Nakubali kuhusu cheo cha Achebe, lakini hoja yangu umeiongezea nguvu. Mtu aliyejua fasihi alisoma, akampelekea anayemjua. Ni kujuana. Mpaka leo ni kujuana.

Kijana_wa_Kikuubo
Kwa hiyo jibu ni kwenda mikutano na bahasha kwapani.

Mpenda_Riwaya_Ntinda
Nadharia zote mbili zina shida. Angalieni Jennifer Makumbi. Riwaya yake Kintu, Uingereza waliikataa, wakasema ni ya Kiafrika mno. Si urefu, si majina, si muhtasari. Ikashinda tuzo ya Kwani?, wachapishaji wa Nairobi, mwaka 2014, wao wakaichapa, halafu walewale wakageuka.

Bint_Mombasa
Tuzo ya mswada ilikuwa 2013. Kitabu ndicho kilitoka 2014. Marekani 2017, Uingereza 2018.

Mpenda_Riwaya_Ntinda
Sawa, 2013. Na hiyo 2018 akapata tuzo ya Windham-Campbell, dola 165,000. Kwa hiyo nauliza: kilichobadilika ni nini? Kitabu ni kilekile. Neno kwa neno sijui, ila mhusika Kamu anauawa palepale Bwaise kwenye kurasa za mwanzo. Tena Bwaise, @Mwana_wa_Bwaise! Huko wanatafuta mtu mwingine athubutu kwanza. Hawataki kuwa wa kwanza.

Nipo_Leeds
Hapo sikupingi sana. Wakala huwa anaulizwa na mhariri, "kinafanana na nini kilichouzika?" Ndiyo maana barua inatakiwa itaje vitabu viwili vya miaka ya karibuni vinavyokaa rafu moja na chako. Kama rafu haipo, kazi inakuwa ngumu, na mwandishi wa Uganda mara nyingi ndiye anayeijenga rafu mwenyewe. Ila kumbukeni upande wa pili: rafu ikishajengwa, barua 20 zinakuja zikisema "mimi ni Makumbi mpya", na hizo zinachosha haraka kuliko zote.

Mwana_wa_Bwaise
Mimi sikuandika hivyo. Niliandika "kwa wasomaji wa Makumbi".

Kijana_wa_Kikuubo
Banange.

Mtu_wa_Busia
Kuna njia nyingine mmeisahau. Moses Isegawa alikuwa Uholanzi, riwaya yake ikatoka kwanza kwa Kiholanzi, 1998, Kiingereza kikafuata. Kampala sisi tukasikia baadaye. Labda tunabisha mlango usio wetu.

Nakku_Jinja
Mimi niseme yangu kabla hamjaenda Uholanzi. Kuna mtu alinipata Facebook, akajiita wakala, ana picha nzuri na jengo nyuma yake. Akasifu sura yangu ya kwanza, akasema ni "ya kimataifa". Siku mbili baadaye anataka ada ya kusomea, halafu ada ya tathmini, zote kwa mobile money. Nilituma ya kwanza. Ya pili ndipo kaka yangu akaninyang'anya simu.

DadaMhariri_Mbarara
Pole mdogo wangu. Wote mlioko humu andikeni mahali: wakala wa kweli hachukui pesa kusoma. Vyama vyao vya Uingereza na Marekani vinakataza wanachama kutoza ada hiyo. Analipwa akishauza. Na akisifu haraka bila kuuliza swali hata moja kuhusu hadithi, jihadhari. Wakala anayekutaka atakuja na maswali: kwa nini sura ya sita inarudi nyuma, kwa nini mama anasamehe upesi, unaandika nini baada ya hiki. Hilo la mwisho ni kubwa. Hatafuti kitabu kimoja, anatafuta mtu wa kufanya naye kazi miaka.

Kijana_wa_Kikuubo
Anachukua ngapi? Nimesikia asilimia 30.

Nipo_Leeds
Hapana. Kawaida ni 15 kwa mauzo ya nyumbani kwake, 20 kwa tafsiri na nchi za nje kwa sababu kule anagawana na wakala mwenzake.

Kijana_wa_Kikuubo
Tuseme ameuza pauni elfu 10.

Nipo_Leeds
1,500 zake, 8,500 zako. Ila haziji pamoja. Fungu ukisaini, fungu mswada ukikubaliwa, fungu kitabu kikitoka, inaweza kuchukua miaka miwili. Na mrabaha, yaani sehemu yako kwa kila nakala inayouzwa, hauanzi mpaka mauzo yarudishe hizo za awali.

Mpenda_Riwaya_Ntinda
Hiyo 30 huenda aliisikia kwenye kodi. Marekani wanamkata mgeni asilimia 30 ya mrabaha kama nchi yake haina mkataba wa kodi nao, na Uganda haina.

Kijana_wa_Kikuubo
Narudi dukani kuuza mashuka.

Mzee_wa_Karuma
Hamjambo vijana. Mimi ni mstaafu wa jeshi, Kiswahili nilikiokota kambini na ndicho ninachoandikia. Nimesoma habari za London zote na sijaona mahali pangu. Mtu anayeandika Kiswahili Uganda hii ampelekee nani?

Fundi_wa_NasserRoad
Mzee, njoo kwangu. ISBN unachukua Maktaba ya Taifa, hakimiliki unaandikisha URSB, ofisi ya usajili ya serikali, ukitaka usalama, mimi nachapa. Hakuna wakala, hakuna kusubiri wiki 12 ujibiwe kimya. Unabeba maboksi, unauza.

DadaMhariri_Mbarara
Unabeba maboksi, unaweka chini ya kitanda. Fundi, tunakupenda lakini wewe unalipwa kitabu kisomwe au kisisomwe.

Fundi_wa_NasserRoad
Na wewe mhariri je?

Mdau_Tanga
😂😂 Waganda mkianza kuandika riwaya za Kiswahili sisi tutakula nini? Mzee, kwa Kiswahili mawakala hawapo kwa sababu hakuna wa kumuuzia haki za kitabu kimoja nchi baada ya nchi. Mwandishi anakwenda moja kwa moja kwa mchapishaji, au kwenye tuzo. Ipo ile ya Mabati-Cornell, ilianzishwa 2014, baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Inapokea miswada ya riwaya na ushairi. Na ipo ya Mwalimu Nyerere, nayo jaribu.

Bint_Mombasa
Ya Nyerere ni ya Watanzania, Mdau. Usimpandishe mzee basi bure mpaka Dodoma.

Mdau_Tanga
Basi Safal-Cornell. Ile haiulizi pasipoti.

Mwalimu_Kyambogo
Kuna soko ambalo hamlitazami. Tangu mtaala mpya wa 2020 Kiswahili ni lazima Senior One na Two, yaani mwanzo wa sekondari, na Baraza la Mawaziri Julai 2022 lilipitisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe mpaka msingi. Watoto watasoma nini? Vitabu tunavyotumia ni vya Nairobi na Dar. Mhusika anapanda daladala kwenda Kariakoo, mwanafunzi wa Kabale ananiuliza daladala ni nini. Mchapishaji wa Kampala anatafuta hadithi fupi safi yenye mazingira ya hapa.

Mpenda_Riwaya_Ntinda
"Safi" maana yake hakuna mapenzi, hakuna matusi, na mwizi akamatwe. Huyo naye ni wakala wa London, kabadilisha koti tu.

Mwalimu_Kyambogo
Mtoto ana miaka 13, ulitaka asome nini?

DadaMhariri_Mbarara
Tuache ugomvi. @Mzee_wa_Karuma weka hapa mwanzo wa riwaya yako, aya moja, tuone.

Mzee_wa_Karuma
"Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu. Jua lilichomoza polepole nyuma ya vilima na ndege wakaimba matawini. Koplo Okello aliamka, akanawa uso, akanywa chai. Akakumbuka kwamba vita ni jambo baya."

DadaMhariri_Mbarara
Asante mzee, na niwie radhi. Jumatatu inafanya kazi gani? Ikiwa Jumatano kuna kitakachobadilika? Jua na ndege tumewasoma kila mahali, msomaji wa Leeds hapo ameshashuka kituo chake. Kuamka na kunawa, kila mtu anaamka. Na "vita ni jambo baya" hilo koplo hawezi kulikumbuka, koplo anakumbuka vitu. Ukikaa na wenzako wastaafu, habari za vita huko Karuma huwa unazianzia wapi?

Mzee_wa_Karuma
Kwenye viatu. Tulikuwa na jozi chache zenye soli. Mwenzangu alikuwa na zamu darajani, nikamwazima vyangu. Hakurudi navyo.

Kijana_wa_Kikuubo
Mzee anza hapo hapo!! "Mtu wa kwanza kufa pale darajani alikuwa amevaa viatu vyangu."

Nakku_Jinja
Nywele zimenisimama.

Nipo_Leeds
Hiyo ningeomba mswada mzima, na niko kwenye treni sasa hivi.

Mwalimu_Kyambogo
Naona ujanja tu. Siku hizi kila riwaya inaanza na maiti ili wakala asilale. Ukurasa wa pili je? Mwandishi akishaahidi maiti lazima alipe kila sura. Mbona wakubwa walianza na mvua na kijiji na tukasoma?

Bint_Mombasa
Wakubwa hawakuwa wanashindana na simu. Lakini nakubaliana kwamba sentensi hiyo imekuwa ya Kijana, si ya Mzee. Soma aya yake tena, mzee anaongea polepole. Huyu hapigi kelele.

Mzee_wa_Karuma
Nami nina neno. Chai mnaitoa kirahisi, lakini ile chai niliiweka makusudi. Ndiyo ilikuwa ya mwisho yenye sukari. Baada ya siku ile tulikunywa kavu mpaka tukafika Gulu, na Okello alikuwa amegawa sukari kwa ganda la risasi, kila mtu ganda moja, yeye akajinyima.

DadaMhariri_Mbarara
Mzee!! Sasa mbona hukuandika hivyo? Ganda la risasi ndilo tunalolitaka. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuleta hilo.

Kijana_wa_Kikuubo
Mimi nasimama na viatu.

Nakku_Jinja
Sukari.

Nipo_Leeds
Viatu kwa wakala, sukari kwa mhariri.

Mwalimu_Kyambogo
Sukari, na ndege mmoja tu abaki.

Mwana_wa_Bwaise
Uzi ni wangu jamani. Nimeanza kupunguza, nipo elfu 128. Swali bado liko palepale: nimekata, nimepanga, barua nimeandika upya, na wakirudisha tena mtaniambia ni rafu, ni treni au ni anwani?

Mpenda_Riwaya_Ntinda
Anwani.

Nipo_Leeds
Elfu 128.

Fundi_wa_NasserRoad
Njoo Nasser Road.

Mtu_wa_Busia
@Mzee_wa_Karuma hiyo sukari ya ganda la risasi, ilikuwa ya Kakira au ya Lugazi?

Mzee_wa_Karuma
Wakati ule nani aliuliza kiwanda? Ilikuwa ya magendo, imetoka Kenya.

Mtu_wa_Busia
Basi ilipita kwetu. Mwambie Okello familia yangu inadai nauli.